Walisema Umezoea



Nina miaka 33, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nimeolewa na nina binti wa mwaka mmoja na miezi minane. Mume wangu ni dereva wa malori, anapeleka mizigo Lubumbashi kupitia Tunduma. Ni mtu mwema, hajanipa sababu ya kumshuku. Lakini simu yake isipopatikana nakuwa kama mwendawazimu. Napiga, napiga tena, silali. Nikishajua yuko salama naona aibu. Halafu akirudi, badala ya kufurahi, nanyamaza. Siku mbili, mara nyingine tatu, namjibu "ndiyo" na "hapana" tu. Ameniuliza, "Mke wangu, unaninunia kwa kosa gani?" Sina jibu, maana kweli sijakasirika. Sisikii chochote.

Nilizaliwa Muheza. Nilipoachishwa ziwa mama alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, akaniacha kwa bibi mzaa mama. Wanasema sikusumbua, nililia siku mbili tatu, nikazoea. Bibi alinilea vizuri, mpaka leo naikumbuka harufu ya moshi kwenye kanga zake. Nilipofika miaka saba mjomba alikuja, nikaambiwa tunakwenda gulioni, kumbe ndiyo safari ya Dar. Mama alikuwa ameshaolewa, ana nyumba. Alinipenda, alinisomesha, alikuwa mama mzuri sana, sina la kulalamika. Bibi alifariki nikiwa darasa la tatu. Sikupelekwa msibani kwa sababu ya mitihani.

Sasa nimepata nafasi ya kusoma stashahada Dodoma, miaka miwili. Mama anasema nimpelekee mtoto, niondoke akiwa amelala, atalia kidogo atazoea kama nilivyozoea mimi. Mshauri niliyemwendea aliniambia kwamba kwa mujibu wa Freud tabia ya mtu inakamilika kabla ya miaka mitano, samaki mkunje angali mbichi, kwa hiyo mimi nimeshaharibiwa, na aliyeniharibu ni mama. Tangu siku hiyo siwezi kumtazama mama usoni. Shangazi, ni kweli nimeshaharibika? Na mtoto nimpeleke?

Mama wa Mmoja, Tanga


Mwanangu,

Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nimekwama palepale: "nikaambiwa tunakwenda gulioni". Umeyataja maneno hayo kwa haraka, ukaendelea na mengine. Mimi sikuweza kuendelea. Mtoto wa miaka 7 anatoka nyumbani kwa mtu aliyemlea, hajui kwamba anahama, haagi, habebi hata kitu chake kimoja. Aliyebaki mlangoni huenda anajua kinachotokea, lakini hasemi. Haijapita miaka mingi mtu huyo anafariki, na siku anayozikwa wewe uko kwenye dawati unajibu maswali ya mtihani. Nitayajibu yote uliyouliza, ila naanzia hapa, maana naona mshauri wako alipapita bila kupatazama.

Alikutajia Freud. Basi nikusimulie jambo la Freud mwenyewe, kwa sababu linakuhusu zaidi ya hizo nadharia ulizopewa.

Alizaliwa mwaka 1856 katika mji mdogo wa Freiberg, huko Moravia, eneo ambalo leo limo katika Jamhuri ya Czech. Utotoni alikuwa na yaya, mwanamke wa Kikatoliki mwenye umri mkubwa, ambaye alikuwa akimpeleka kanisani ingawa familia yao ilikuwa ya Kiyahudi. Mtoto akirudi nyumbani anawahubiria wakubwa habari za Mungu. Freud alipokuwa na miaka 2 na miezi kadhaa, mama yake yuko kitandani amejifungua mtoto wa kike, yaya aligundulika kuwa anaiba. Kaka yake mkubwa, wa mama mwingine, akaita polisi. Yaya akafungwa miezi 10. Mtoto hakuelezwa kitu. Aliona tu kwamba mtu wake hayupo.

Kilichobaki kichwani mwake ni picha moja: yuko mbele ya kabati, analia, kaka yake analifungua ili aone, na ndani hamna mtu. Analia zaidi, mpaka mama anaingia mlangoni. Picha hiyo ilikuwa ikimjia mara kwa mara hadi ukubwani na hakujua inatoka wapi. Mwezi Oktoba 1897, akiwa na miaka 41, alimwendea mama yake akamuuliza kama anamkumbuka yule yaya. Mama akamkumbuka vizuri sana. Akamsimulia wizi, polisi na kifungo. Ndipo Freud akaunganisha: yaya alipotoweka, yeye alimuuliza kaka yake, na kaka kwa mzaha akamjibu kwamba "amefungiwa". Siku nyingine mama alipokuwa haonekani, mtoto akadhani naye amefungiwa, na mahali pa kufungia vitu alipopajua ni kabatini.

Mtoto asipoambiwa hubuni jibu lake mwenyewe, na jibu hilo hukaa. Hapo ndipo kiini cha uchanganuzi wa nafsi, yaani tiba ya Freud, kilipo, kwa maoni yangu, kuliko kwenye zile hatua za ukuaji wa mtoto, ya kinywa na ya haja, ambazo pengine mshauri wako alikuchorea kwenye karatasi. Hizo hazikusaidii kitu, na hata wengi wanaoifanya kazi ya Freud leo hawazishiki kama alivyoziandika.

Mshauri wako hakubuni aliposema kuhusu miaka 5. Freud aliandika kweli kwamba kufikia miaka 4 au 5 mtu mdogo mara nyingi ameshaumbika. Lakini huyohuyo alikaa katika nyumba namba 19 ya mtaa wa Berggasse, Vienna, tangu 1891 hadi alipokimbia Wanazi mwaka 1938, akipokea watu wazima kila siku. Kama aliamini wamekwisha, alikuwa anawapokea wa nini? Mwaka 1914 aliandika makala kuhusu kukumbuka na kurudia, na hoja yake ni kwamba jambo ambalo mtu hawezi kulikumbuka, hulitenda. Hulitenda tena na tena, na watu wengine, bila kujua kwamba anarudia. Siku anapoweza kulikumbuka pamoja na uchungu wake, haja ya kulitenda hupungua. Na hiyo methali ya samaki ni ya kumhimiza mlezi awahi. Haikutungwa kwa ajili ya kumhukumu mtu mzima wa miaka 33.

Sasa tuje kwenye siku zako mbili za ukimya.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili kulikuwa na kijana wa Kiskoti aitwaye James Robertson, aliyeajiriwa kutunza tanuri la maji moto na kazi nyingine za mikono katika kituo cha watoto kilichoendeshwa London na Anna Freud, binti wa Freud, pamoja na mwenzake Dorothy Burlingham. Kituo kilipokea watoto waliotenganishwa na wazazi kwa sababu ya mabomu. Wanawake wale waliona jambo ambalo watu hawakulitarajia: kwa watoto wengi wadogo, kutengana na mama kuliumiza kuliko mabomu yenyewe. Robertson alijifunza kutazama pale. Baada ya vita akaanza kufanya kazi na daktari John Bowlby, akawa anazunguka wodi za watoto. Enzi hizo hospitali nyingi za Uingereza ziliwaruhusu wazazi kuja kwa muda mfupi sana, na nyingine hazikuwaruhusu kabisa siku za mwanzo. Wauguzi walikuwa na sababu wanayoiamini: mzazi akija mtoto analia, asipokuja mtoto anatulia. Anazoea.

Mwaka 1952 Robertson alitoa filamu ya mtoto mmoja tu, Laura, wa miaka 2 na miezi 5, aliyelazwa siku 8 kwa upasuaji mdogo wa ngiri ya kitovu. Laura si mtoto wa kupiga kelele. Hilo ndilo linaloumiza unapoitazama. Amekumbatia dubu wake wa kitambaa na kipande cha blanketi lake, uso unataka kulia na yeye anauzuia, na katikati ya mazungumzo mengine anauliza taratibu mama yake yuko wapi. Siku zinavyokwenda anauliza kidogo zaidi. Mama akija, Laura hamkimbilii tena. Siku ya kuruhusiwa wanatoka pamoja, mama ananyoosha mkono, Laura anakataa kuushika.

Madaktari walioonyeshwa filamu hiyo kwa mara ya kwanza London wengi walikasirika. Lakini Robertson alishaona hali hiyo kwa watoto wengi, akaipanga katika vipindi vitatu. Kwanza mtoto hupinga: analia, anaangalia mlango, anamkataa kila mtu. Kisha hukata tamaa: kilio kinakuwa cha chini, analala sana, ananyonya kidole. Kisha hujitenga moyoni: anakula, anacheza, anamchekea kila muuguzi, na mama akija anamwangalia kama mgeni. Kipindi hiki cha tatu ndicho wodini kilichoitwa kuzoea. Mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwatembelea watoto wakati wowote unaofaa, na filamu ile ilikuwa na mchango wake.

Mumeo anafika, anashusha begi, ananyoosha mkono. Wewe unajibu "ndiyo" na "hapana". Anadhani umemnunia, na wewe kwa ukweli wako wote unasema hujakasirika, husikii chochote. Nakuamini. Mtu mzima aliyekasirika huwa anajua amekasirika. Huku kutosikia chochote mbele ya mtu uliyekuwa ukimlilia siku chache zilizopita ni kwa mtoto mdogo ambaye alishalia, hakujibiwa, akazima. Wanasema ulilia siku mbili tatu ukazoea. Nadhani ulizima, mwanangu, na mpaka leo mtu anaporudi unachukua siku mbili tatu kuwaka tena.

Kuna mtoto mwingine wa namna hiyo ndani ya familia ya Freud. Mjukuu wake Ernst, wa mwaka mmoja na nusu, alisifiwa na wote kwa utulivu: mama yake Sophie alikuwa akitoka kwa saa kadhaa na yeye halii kamwe. Babu yake, aliyekaa nao wiki chache, akaona kitu. Mtoto huyu asiyelia alikuwa na tabia ya kutupa vitu vyake vyote vidogo mbali, uvunguni na pembeni, huku akitoa sauti ndefu ambayo mama na babu waliielewa kuwa anasema "kimekwenda". Siku moja Freud akamwona na kigurudumu cha uzi kilichofungwa kamba. Anakirusha ndani ya kitanda chake chenye pazia, kinatoweka. Anakivuta kwa kamba, kinatokea, anafurahi. Anakirusha tena. Mtoto asiyeweza kumrudisha mama alikuwa amepata kitu anachoweza kukirudisha. Freud aliyaandika haya katika kitabu cha mwaka 1920, mwaka uleule ambao Sophie alifariki kwa homa kubwa ya mafua iliyoenea duniani, Ernst akiwa hajatimiza miaka 6.

Kuhusu simu, niseme kwanza kwamba njia ya Tunduma ina ajali zake, na mke yeyote wa dereva wa masafa marefu ana haki ya wasiwasi. Usikubali mtu akuambie kila hofu yako ni ugonjwa wa utotoni. Lakini wewe mwenyewe umesema unakuwa kama mwendawazimu, na Donald Winnicott, daktari wa watoto wa London aliyefanya pia uchanganuzi wa nafsi, aliacha makala iliyochapishwa mwaka 1974, baada ya kifo chake, inayozungumzia hofu ya namna hii. Alisema kuna watu wanaoishi wakiogopa maangamizi yanayokuja, kumbe ni maangamizi yaliyokwishatokea, wakiwa wadogo mno kuyabeba wakati huo. Wanayatafuta mbele kwa sababu nyuma hawakuwahi kuyapitia kama yao. Usiku unapompigia mumeo asipatikane, sehemu ya usiku huo ni ya Muheza.

Na sasa mama yako.

Bowlby niliyemtaja aliandika mwaka 1951 ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani kuhusu watoto waliokosa malezi ya mama. Ripoti hiyo ilifanya mema mengi, lakini pia kuna watu walioigeuza rungu la kuwapigia akina mama wanaofanya kazi. Mshauri wako amelishika rungu hilohilo. Mimi silishiki. Mwanamke aliyetoka Muheza kwenda kufanya kazi za ndani Dar hakwenda kutembea. Alikwenda kukutafutia ada za shule ambazo wewe mwenyewe umekiri alizilipa. Katika nyumba aliyofanyia kazi inawezekana alikuwa akimbeba mtoto wa mwenye nyumba, mwenye umri kama wako. Kumlaumu yeye peke yake na kuacha ufukara, na kuacha baba ambaye barua yako haimtaji popote, ni uvivu wa kufikiri.

Tena mshauri huyo amesahau kumhesabu bibi yako. Bowlby mwenyewe alilelewa na yaya katika nyumba ya baba yake, daktari wa upasuaji London; mama alionana na watoto kwa takriban saa moja kwa siku, baada ya chai. Yaya aliyempenda aliondoka Bowlby akikaribia miaka 4, na ukubwani alisema kumpoteza kulikaribia kumpoteza mama. Mtoto haulizi nani aliyemzaa. Anauliza nani anakuja akilia. Kwako alikuja bibi, miaka zaidi ya mitano. Bibi hakuwa tatizo lako. Kama una moyo wa kumpenda mumeo kiasi cha kumlilia, naamini yeye ndiye aliyeujenga. Ulimpoteza mama mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa huna maneno. Mara ya pili ulikuwa nayo, lakini kwa sababu ulipelekwa kwa mama mzazi, watu wote walidhani unapaswa kufurahi, na hakuna aliyekupa nafasi ya kumlilia bibi. Hata matanga yake hukukaa.

Nimeona jambo jingine katika barua yako, na naomba usikasirike nikilisema. Bibi umenitajia harufu ya moshi kwenye kanga zake. Mama umesema alikuwa "mama mzuri sana, sina la kulalamika", ukaishia hapo. Mtafiti wa Marekani, Mary Main, pamoja na wenzake walitunga katika miaka ya 1980 mahojiano ya watu wazima kuhusu utoto wao. Mhojiwa anaombwa ataje maneno 5 yanayoeleza uhusiano wake na mama, kisha kwa kila neno atoe tukio. Wako watu wanaosema "mwema, mwenye upendo, mzuri", na wakiombwa tukio hawana. Wako waliopigwa na kutelekezwa wanaosimulia kwa mpangilio, wakilia panapostahili, bila kumpamba mtu wala kumteketeza. Hawa wa pili mara nyingi huwalea watoto wao vizuri kuliko wale wa kwanza. Watafiti wa London, Peter Fonagy na wenzake, waliwahoji wanawake wajawazito kwa njia hiyo, na kutokana na namna mama alivyosimulia utoto wake waliweza kukadiria mfungamano wa mtoto naye akifika mwaka mmoja, wakapatia kwa takriban robo tatu ya watoto. Walichokisikiliza ni namna mama anavyoweza kulisimulia lililompata. Utoto mgumu peke yake haukumhukumu mtu.

Selma Fraiberg, aliyekuwa akitibu akina mama na vichanga huko Michigan, aliandika jambo hilohilo mwaka 1975 baada ya timu yake kumtembelea nyumbani mama mmoja kijana ambaye mtoto wake alikuwa akilia na yeye amekaa tu, macho mbali. Hawakumfundisha kumbeba mtoto. Walimuuliza habari zake. Mama yule alikuwa ametupwa huku na huku utotoni, na alianza kulia kwa ajili yake mwenyewe. Kadiri alivyolia ndivyo alivyoanza kumwinua mtoto kifuani, bila kuambiwa.

Kwa hiyo kaa na kalamu, andika maneno 5 kuhusu mama yako na tukio la kila neno. Ukikwama, usijitungie. Hapo ulipokwama ndipo pa kwenda kumuuliza.

Sasa binti yako. Umeuliza nimpeleke, nisimpeleke, na ninakujibu kwanza kwa habari za karibu na kwetu.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Kampala, akafanya utafiti katika vijiji vya Buganda. Kwa miezi kadhaa alizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili, saa mbili hivi kila safari, anakaa sebuleni na mama huku watoto wakitambaa. Sehemu kubwa ya elimu ya dunia kuhusu mfungamano wa mtoto na mlezi ilianza katika sebule hizo, kabla hajaipeleka Baltimore, Marekani. Aliona mtoto anatoka kwa mama, anakwenda kuchezea kitu, anageuka kumwangalia, anarudi, anatoka tena. Aliona pia kwamba wengi walifungamana na zaidi ya mtu mmoja: baba, bibi, dada mkubwa. Na akina mama ambao watoto wao walikuwa salama zaidi walikuwa na sifa moja iliyomvutia: walijua mambo madogomadogo ya watoto wao, na ukiwauliza wanakusimulia bila kuchoka.

Basi kulelewa na bibi hakuna ubaya. Babu zetu hawakukosea kuwapa watoto mikono mingi. Kinachoumiza ni mkono kuondoka ghafla bila neno. Robertson na mkewe Joyce walilionyesha hili baadaye kwa filamu nyingine. John, wa miezi 17, aliwekwa siku 9 katika kituo cha watoto wakati mama yake anajifungua. Walezi walikuwa wema lakini walibadilikabadilika, na mtoto aliporomoka mbele ya kamera. Jane, wa miezi 17 vilevile, alikaa siku 10 nyumbani kwa akina Robertson. Alikuwa ameshawazoea kabla, alikuja na blanketi na vitu vyake, mlezi alikuwa mmoja, na jina la mama lilitajwa. Alihangaika, lakini hakuvunjika. Hizo zilikuwa siku 10, mwanangu. Wewe unazungumzia miaka miwili, na binti yako yuko katika umri unaokaribiana na huo.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: masomo usiyaache, na mtoto nenda naye Dodoma. Mwombe mama yako aje akae nawe huko angalau muhula wa kwanza, ili mikono iwe miwili na asiwe bibi wa kwenye simu. Najua ana nyumba yake na mume wake. Mwulize kabla ya kukata tamaa. Asipoweza, tafuta dada wa kazi sasa hivi, ungali Tanga, akae na mtoto ukiwepo kwa wiki kadhaa ndipo msafiri wote. Chumba Dodoma kitakuwa kidogo na pesa itabana. Zungumza na mumeo kuhusu pesa hiyo kama ada nyingine ya masomo yako, kwa sababu ndivyo ilivyo.

Ikishindikana kabisa, na mtoto akabaki kwa mama yako kwa kipindi, basi uhame kwa hatua. Mkakae wote hapo kwanza. Mwachie kanga yako usiyoifua. Kila likizo na kila mapumziko ya wiki unayoweza, panda basi. Na siku ya kuondoka, mwamshe. Mwambie unakwenda, na utarudi. Atalia, atakushika nguo, na wewe utalia ndani ya basi, na mama yako atasema, "Si nilikwambia umtoroke?" Vumilia. Mtoto anayelia mama akimwona ana mtu wa kumlilia. Aliyetorokwa usingizini huenda akajifunza kwamba kulala ni hatari. Utakaporudi akikugeuzia uso, usiseme amekusahau wala usimlazimishe mkono. Kaa sakafuni karibu naye, ungoje. Wewe kuliko mtu yeyote unajua anachofanya.

Mumeo mwonyeshe barua hii. Msimulie kisa cha gulioni chote, maana sidhani umewahi. Kubalianeni atume ujumbe mfupi kila anapoegesha, na penye mtandao hafifu akujulishe kabla hajaingia. Akirudi ukazima, usijilazimishe kuchangamka, mwambie tu, "Nimefurahi umefika, nipe muda." Maneno hayo machache yanatosha kumwondolea yeye mzigo wa kutafuta kosa ambalo halipo.

Kwa mama nenda peke yako, siku ambayo hana wageni, wala usiende na mashtaka. Anza na siku yenyewe: "Mama, siku uliyoniacha Muheza, ilikuwaje?" Kisha nyamaza, umwache aongee hata akipotea njia. Anaweza kujitetea mwanzoni; usimjibu. Muulize pia siku ya gulioni nani alitoa shauri hilo, na bibi alisema nini. Huenda ameyabeba haya miaka 30 bila mtu wa kumuuliza, kwa sababu wewe ulikuwa mtoto asiyesumbua. Mkishamaliza, mwombe akupeleke Muheza kwenye kaburi la bibi, ukampe salamu zake, ukalie kilio chake. Mchukue na mjukuu.

Inawezekana mambo yakikufunguka usingizi ukapotea zaidi, au huzuni ikakuelemea ukashindwa kufundisha. Ikifika hapo nenda hospitali ya mkoa, uliza mtaalamu wa afya ya akili, na umweleze habari za gulioni kabla ya zile za simu. Kwa yule mshauri wa kwanza usirudi.